Niliuza Mikumi miaka kumi na moja kabla sijaiona

Kazi yangu ni kuuza safari. Nakaa kwenye ofisi ya chumba kimoja Shangani, Unguja, feni juu, ramani ya Tanzania ukutani nyuma ya kichwa changu, na mgeni akiingia nampangia: leo mashamba ya viungo, kesho kisiwa cha Changuu kwa makobe, keshokutwa ndege ndogo kwenda hifadhi ya Mikumi au ya Nyerere, asubuhi aende jioni arudi, usiku ale pweza Forodhani. Miaka kumi na moja sasa. Hata uniamshe usingizini nitakwambia kuwa nyumbu wa Serengeti huzaa upande wa kusini kati ya mwisho wa Januari na Machi, na kuwa anayetaka kuwaona wakivuka Mto Mara aje Julai hadi Septemba. Nimewaambia watu wasio na idadi kuwa begi liwe laini na lisizidi kilo 15, maana ndege ndogo haina pa kuweka sanduku gumu.

Na katika miaka yote hiyo, ukimtoa ng'ombe, mnyama mkubwa kuliko wote niliyemuona kwa macho yangu alikuwa kobe wa Changuu.

Aliyenibana ni binti yangu. Ana miaka tisa, na skuli walikuwa wamepewa kazi ya kuchora mnyama wa porini. Akaja na penseli yake: "Baba, ndovu ananuka vipi?" Nikamwambia ana masikio makubwa. Akaniambia hajauliza masikio. Mke wangu akacheka mpaka akaenda kukaa jikoni.

Basi tukaamua kwenda. Nasema tukaamua, lakini ukweli ni kuwa kila mtu aliamua safari yake. Mke wangu alitaka Ngorongoro kwa sababu ya faru. Mdogo wangu, ambaye alijialika mwenyewe, alitaka Serengeti na si pengine. Mjomba alipita jioni kunywa kahawa akatuona wajinga: yeye zamani alikuwa akienda Iringa kuchukua viazi, na barabara kuu inakata katikati ya Mikumi kama kilomita 50, kwa hiyo twiga na pundamilia kawaona bure dirishani mwa basi, tena akiwa na gunia miguuni.

Mama hakutaka kabisa. Yeye ni mzaliwa wa Kitogani, hatua chache kutoka msitu wa Jozani, na kwake mnyama wa porini si kitu cha kulipia nauli. "Kima punju wamemaliza nazi changa za marehemu baba yangu," alisema, "kisha wakaja kuiba na makaa jikoni. Leo nipande boti nikaangalie wengine?" Kuhusu makaa hakuwa akitia chumvi. Kima punju hula makaa kweli, inasemekana yanawasaidia tumbo kwa sumu ya baadhi ya majani wanayokula, na wageni wangu nikiwasimulia hawaniamini. Kima hawa asili yao si popote duniani ila Unguja. Mama hilo halimgusi.

Alikubali kwa sababu ya wajukuu, baada ya kutatuliwa jambo moja. Mdogo wangu alimpigia simu akamwambia, "Mama, tunakwenda kuangalia tembo." Kimya. Kisha: "Astaghfirullah, mnanipeleka kwenye ulevi na uzee huu?" Kwa Mama tembo ni ile inayogemwa mnazini. Mnyama ni ndovu, na mpaka leo ukimwambia vinginevyo anakusahihisha.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa aibu, na nauweka hapa kwa faida ya anayetaka kupanga wa kwake. Siku tano, mbuga tatu: Mikumi, Ngorongoro, Serengeti. Niliuandika kwa kalamu nyekundu, nikaupenda. Wageni huwa nawapangia hivyo kwa sababu wao wanaruka kwa ndege na wana pesa ya kuruka. Sisi tungekwenda kwa gari. Kutoka Dar mpaka Arusha ni zaidi ya kilomita 600, na kutoka Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya 300 nyengine, sehemu kubwa vumbi. Nilipokaa nikahesabu saa badala ya mbuga, nikaona Mama wa miaka 71 atakaa kwenye kiti cha gari siku tatu katika hizo tano, na ndovu atamuona kwa haraka kama mjomba alivyowaona twiga.

Nikafuta Serengeti. Mdogo wangu alinuna. Nikafuta Ngorongoro, mke wangu akanuna. Ikabaki Mikumi, na mimi mwenyewe nikaona kama nawapa makombo, mpaka nilipoangalia ukubwa: kilomita za mraba 3,230. Unguja nzima, kutoka Nungwi hadi Makunduchi, haifiki 1,700. Sisi tunaotumia siku nzima kwenda na kurudi Kizimkazi tulikuwa tunaiona ndogo mbuga inayokaribia Unguja mbili. Siku tano zikawa nne, na mbili za hizo ni za njiani.

Faru Mikumi hakuna. Hilo nililijua, lakini karatasi ya matangazo ya ofisi niliyofanyia kazi mwanzo, ile tuliyokuwa tukiwapa wageni wa Mikumi, ilikuwa na picha ya faru juu kabisa, na mimi niliigawa miaka bila kusema neno. Mgeni akirudi akauliza, nilikuwa nikijibu, "Wanyama wana siku zao." Mke wangu alipoikuta nakala moja kabatini akaniuliza kama na yeye nitamjibu hivyo.

Kisha ukaja ugomvi wa mwezi. Mimi nilipanga Aprili, kwa sababu ya likizo. Nikampigia dereva mmoja wa Mikumi ambaye nimefanya naye kazi kwa simu muda mrefu bila kuonana. Akanicheka taratibu: "Bro, Aprili ni masika. Udongo wa bonde la Mkata ni ule mweusi, gari likizama mnalala nalo. Na nyasi zimepanda, simba anaweza kuwa hatua kumi na msimuone." Akanipa Juni hadi Oktoba, nyasi zimekauka, maji yamebaki madimbwi machache, wanyama lazima waje kunywa. Nikachagua Julai, 2025.

Nikamwambia Mama Julai. Akanitazama kama nimesema neno baya. "Julai ni kusi hilo. Unajua bahari ya kusi, au huko ofisini kwenu hakuna upepo?" Sikuwahi kulifikiria hili hata siku moja, kwa sababu wageni wangu wanapita juu ya bahari. Msimu mzuri wa mbuga ndio msimu ambao mkondo wa Unguja na Dar unachafuka. Mama akasema twende demani, mwisho wa Septemba, kusi likiwa limeanza kuchoka na bara bado pakavu. Alikuwa na haki kabisa. Lakini watoto wako skuli Septemba, tukaenda Julai.

Boti ya asubuhi. Mpaka kisiwa cha Chumbe watoto wanaimba. Baada ya hapo sitaeleza. Nitasema tu kuwa kaa nyuma, chini, katikati, usikae mbele kwa sababu ya kuona vizuri. Kuwa ndimu ya kunusa inasaidia kidogo na tangawizi inasaidia zaidi. Na kuwa Mama, binti wa mvuvi, alikaa wima mwendo mzima akivuta uradi, akiwapangusa wajukuu midomo na kunitupia mimi jicho kila wimbi likija.

Dar tulipanda bajaji mbili mpaka stesheni. Treni ya umeme inafika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, na baada ya ile boti ilikuwa kama kukaa sebuleni. Mama aliuliza mara tatu kama tumeshaondoka. Tangu treni hii ianze 2024, Mikumi kwa mtu wa Unguja imekuwa karibu kwa namna ambayo wengi wetu hatujaizingatia. Zamani safari ya Morogoro ilikuwa ni foleni ya Kimara tu.

Morogoro ndipo niliponasa kwenye mtego wangu mwenyewe.

Gari nililikodi kwa simu, kwa mtu niliyepewa na mtu. Bei nzuri. Nilimuuliza lina viti vingapi, lina kiyoyozi, dereva anavuta sigara au havuti. Tukatoka stesheni na mizigo, na gari linalotungoja ni Noah. Safi, limeoshwa, mazulia mapya. Lakini Noah. Paa halifunguki, tumbo liko chini, vioo vya nyuma vyeusi. Wageni wangu kila siku nawafundisha swali la kwanza: gari ni la juu, na paa linafunguka? Swali hilo nililiandika mwenyewe kwenye ukuta wa ofisi. Sikuliuliza, kwa sababu nilikuwa nahesabu pesa yangu na si ya mgeni.

Mwenye gari hakuwa mkorofi. Aliniambia, "Ulisema gari la familia." Na kweli nilisema.

Noah likatufikisha Mikumi mjini, kama kilomita 100 na zaidi kutoka Morogoro, na tukalala nyumba ya wageni ya kawaida nje ya hifadhi, ambapo hulipii kulala ndani ya mbuga. Usiku ule nikampigia yule dereva wangu wa kwenye simu. Akanitafutia rafiki yake mwenye Land Cruiser ya kufunguka paa, kwa siku mbili. Malipo ya gari hilo yalipita viingilio vyetu sote mara kadhaa. Hapo kuna jambo ambalo Wazanzibari wengi hawalijui, na wanaogopa mbuga bure: kiingilio chetu raia ni cha shilingi, elfu chache tu kwa mtu mzima, watoto nusu ya hapo au chini zaidi, na mtoto chini ya miaka mitano haingizwi kwenye hesabu. Dola ni za wageni. Kinachokula pesa ni gari. Ukitaka kubana, bana mahali pa kulala, bana chakula, chukueni watu wa kujaza viti, gari usilibane. Na mchukue vitambulisho vyote, maana mlangoni bei ya raia inataka uthibitisho wa uraia. Mama cha kwake alikiacha Unguja chini ya godoro, "kisipotee". Ilibidi jirani avunje kitasa, akipige picha na kututumia.

Siku ya kwanza tuliipoteza, na kosa ni langu. Kwa shughuli za kubadilisha gari na kile kitambulisho, tuliingia getini saa sita kasoro. Jua la utosini. Swala pala wamejibanza kivulini, pundamilia kwa mbali wanatetemeka kwenye mvuke wa joto, ngiri mmoja akapita mkia juu kama antena ya redio. Mdogo wangu akasema Serengeti isingekuwa hivi. Nilinyamaza.

Tulipoingia upande wa miti, kukaja mbung'o.

Wageni nawaambia: usivae nyeusi, usivae buluu iliyokoza, mbung'o huzifuata rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Nalisema kila siku, kwa lugha tatu. Nyumbani kwangu mwenyewe, kina mama wawili wamejifunga mabuibui meusi kutoka kichwani hadi kidole cha mguu, mimi nimewatazama wakipanda garini, na sikukumbuka. Katika kichwa changu nyeusi ya mgeni ilikuwa nguo, na buibui la Mama lilikuwa Mama. Mbung'o hawakuona tofauti hiyo. Wanauma juu ya kitambaa, na wanauma kama sindano ya hospitali ya zamani. Dereva akasema kwa adabu, "Shikamoo bibi, samahani, hawa wanapenda nyeusi." Mama, akijipiga begani kwa mkoba wa ukindu: "Marahaba mwanangu. Na mwanangu mimi anafanya kazi gani vile?"

Tulisimama mahali pa wazi, wakajitanda kanga juu ya mabuibui. Mke wangu alikuwa na kanga ya manjano, ikafaa. Ya Mama ilikuwa ya buluu.

Usiku tulikuta vibanda vya nguo Mikumi mjini, akanunuliwa mtandio wa rangi ya udongo, mrefu, unaomsitiri vizuri. Anauvaa mpaka leo.

Siku ya pili tulikuwa getini kabla ya saa kumi na mbili. Baridi! Mtu wa pwani asidharau asubuhi ya Julai ya bara. Watoto walijifunga misuli yangu miwili juu ya sweta. Na mbuga ile ile ikawa mbuga nyengine. Umande, ukungu umelala chini kwenye bonde la Mkata, na ndani ya ukungu migongo. Dereva akazima gari. Nyati, kundi zima, wanapumua moshi. Mbele kidogo simba jike wawili wanavuka njia bila haraka, hata hawakutugeuzia uso, wakapotea kwenye nyasi zilizofika magotini tu. Kama dakika mbili. Ikawa saa tatu ndipo wanyama wakaanza kutafuta vivuli, na hapo nikaelewa kwa nini wageni wa siku moja, wale ninaowapandisha ndege, wengine hurudi wamefurahi na wengine wamenuna kwa safari ile ile: wengine ndege yao inatua mapema, wengine inachelewa. Mimi nilikuwa nadhani ni tabia zao.

Ndovu tuliwakuta karibu na mivumo, miti jamii ya mnazi. Jina la Mikumi lenyewe ni la mti huo; watu wa huko huuita mkumi. Walikuwa saba, na mtoto mmoja anayejificha chini ya tumbo la mama yake. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu. Binti yangu akasimama kwenye kiti, kichwa nje ya paa, akavuta pumzi, akatulia. Kisha akaniinamia sikioni: "Kama zizi la ng'ombe, halafu mvua imenyesha." Nilivuta na mimi. Ni kweli, na kuna kitu kama majani yaliyokatwa sasa hivi.

Mama hakusema kitu kwa muda. Aliwatazama wanavyong'oa, wanavyokung'uta udongo, wanavyotafuna. Akamuuliza dereva, "Watu wanaolima hapa karibu wanafanyaje?"

Dereva aligeuka mzima mzima. Nadhani hajazoea kuulizwa hivyo. Wageni humuuliza ndovu ana kilo ngapi. Akamweleza: wanapiga madebe, wanalala makondeni, wapo wanaozungushia shamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na wengine hutundika mizinga ya nyuki kwenye waya, ndovu akigusa waya nyuki wanatoka, na ndovu pamoja na ukubwa wote huo nyuki hawawezi. Mama akataka kujua pilipili gani, kichaa au ya kawaida. Pilipili wanaichemsha au wanaitwanga kavu. Nyuki wanauma na wenye shamba pia, au? Wakazungumza hivyo mpaka kwenye bwawa la viboko, kilomita chache kutoka getini, mahali ambapo mtu anaruhusiwa kushuka garini.

Hapo tulikula. Tulibeba chakula chetu tangu mjini: chapati, mayai, samaki wa kukaanga, kwa sababu kwa Mama suala la nani kachinja halina mjadala. Tumbili walikuja, na yeye ndiye aliyewaona kabla ya dereva. Sinia likafunikwa, dirisha likapandishwa, wakaondoka mikono mitupu. Choo kipo, na nakwambia kwa herufi kubwa kuwa mwenye mzee au mtoto aulize vyoo kabla ya kuuliza simba, maana katikati ya mbuga huteremki. Adhuhuri na alasiri tulizikusanya na kuzipunguza pale pale, kibla kwa simu, viboko wakikoroma nyuma ya safu. Mtoto wa kiume alicheka kwenye sijda. Akasamehewa.

Tuliporudi Unguja, mwanangu huyo huyo alipata homa baada ya wiki na kidogo. Malaria kwetu imepungua sana, na kwa sababu hiyo tumesahau kuwa bara bado ipo. Nilikuwa nimebeba dawa ya mafuta ya mbu na sikuuliza chandarua cha chumba cha pili. Tukampima siku ile ile, ikaonekana, akatibiwa, akapona. Watoto wetu hawana uzoefu na ugonjwa huo, usimsubiri mtoto apoe mwenyewe.

Sasa mgeni akija ofisini akitaka mbuga tatu kwa siku nne, namuuliza ataamka saa ngapi. Baadhi wanaondoka kwenda ofisi ya jirani. Ile picha ya faru nimewatumia ujumbe wenye karatasi yao waitoe, hawajanijibu.

Mama wiki iliyopita alinipigia saa mbili usiku. Ameingia upatu na wenzake wa Kitogani, wanawake kumi na mbili, na zamu yake imeangukia mwezi wa nane. Anataka kumuona faru. Twende demani, alisema, bahari ikiwa imetulia, skuli watoto wataomba ruhusa. "Na gari utafute wewe," akasema, "lakini mara hii uliza."

Nikamwambia nitauliza.

"Uliza na mimi nikiwepo."